Wastani wa kuridhika kazini ni 4.5 kati ya 5, lakini wachumaji wanaondoka: dodoso letu lilipima nini?

Afisa Utumishi, Mufindi

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaomba msaada wa wale mliosomea saikolojia ya kazi na wale mnaofahamu takwimu, kwa kuwa jambo lililo mbele yangu linagusa pande zote mbili.

Ninashughulikia utumishi katika shamba la chai lenye kiwanda chake, huku Mufindi. Tuna wafanyakazi wapatao 600. Walio wengi ni wachumaji, wengine wako kiwandani, na wachache wako karakana na ofisini. Kabla sijahamia hapa, makao makuu yalimleta mtaalamu mshauri aliyeendesha utafiti wa kuridhika kazini. Nimerithi kabati lililojaa madodoso yale, faili la Excel, na ripoti ndefu inayosema kwamba wafanyakazi wetu wameridhika mno: wastani wa jumla ni 4.5 kati ya 5. Ripoti inaongeza kwamba alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya kauli mbalimbali yanavyokwenda pamoja, ni 0.95, na kwamba hiyo ni ithibati ya ubora wa dodoso.

Shida ni kwamba watu hao hao walioridhika wanaondoka. Kila mvua zinapokaribia, majani yakiwa karibu kufumuka, tunaanza kutafuta wachumaji wapya kwa sababu wa zamani wamekwenda kwenye mbao Mafinga, kwenye parachichi Njombe, au wamerudi kulima viazi vyao wenyewe. Menejimenti inaniuliza sababu, na ripoti niliyonayo hainipi hata pa kuanzia.

Nilipoulizia namna kazi ilivyofanyika, nilielezwa hivi. Dodoso lilikuwa na kauli 42 zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza, kila moja ikiwa na visanduku vitano kuanzia "Sikubaliani kabisa" hadi "Nakubali kabisa". Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na nafasi ya jina na namba ya kazi. Wachumaji walikusanywa asubuhi mahali pa kuhesabiana kabla ya kuingia shambani, na kwa kuwa baadhi yao hawasomi kwa urahisi, msimamizi wa kila kundi aliwasomea kauli kwa sauti, nao wakaweka vema. Msimamizi huyo huyo ndiye aliyekusanya karatasi. Nimezipitia, na nyingi zina mstari mmoja wa vema ulioshuka kutoka juu hadi chini kwenye safu ya tano bila kuyumba. Kauli mojawapo inasema: "Msimamizi wangu ni mwadilifu na ninalipwa kwa wakati."

Ninaomba kujua mambo matatu. Je, kuna lolote la kuokoa katika takwimu hizi? Nikiandaa dodoso jipya, niliandaeje ili mchumaji aseme kilicho moyoni mwake? Na je, ni kweli kwamba nikitumia kanuni ya Yamane ya kukadiria idadi ya watu wa kuhojiwa ninahitaji watu 240 tu? Bajeti yangu ni ndogo. Nina kompyuta yenye Excel na simu janja chache za ofisi.

---

Mhadhiri wa Saikolojia ya Kazi, Iringa

Kamwene, ndugu Afisa. Umefanya vyema kueleza mazingira ya ukusanyaji, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo. Swali la takwimu nitawaachia wenye fani yao; mimi niseme juu ya dodoso lenyewe na juu ya mtu anayelijibu.

Mtu anapojibu swali la dodoso hufanya mambo manne kwa haraka: huelewa anachoulizwa, hukumbuka yanayohusika, hupima na kuamua, kisha huchagua jibu ambalo yuko tayari kulitoa. Waandaaji wengi wa madodoso hushughulika na lile la kwanza, wakadhani kwamba lugha ikiwa nyepesi basi kazi imekwisha. Kwenu ninyi tatizo liko kwenye hatua ya nne. Mchumaji aliyesimama asubuhi mbele ya msimamizi anayempangia mstari wa kuchuma, jina lake likiwa juu ya karatasi, akisomewa kwamba msimamizi huyo ni mwadilifu, hakuulizwa maoni. Alitakiwa aonyeshe adabu, naye akaionyesha. Kwa hiyo ninaamini wastani wa 4.5 unaeleza vizuri uhusiano wa madaraka uliopo shambani, ila haugusi kuridhika.

Kabla ya kuandika kauli hata moja, zungumza na watu. Jambo hili lilidhihirika mapema sana katika taaluma yetu. Katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, jirani na Chicago nchini Marekani, mpango wa mahojiano ulioanza mwaka 1928 uliwafikia wafanyakazi zaidi ya 20,000. Wahojaji walianza na orodha yao ya maswali, wakaona watu wanayapita maswali yale na kurudi kwenye mambo yanayowakera wao, hata ikabidi wabadili utaratibu na kumwacha mfanyakazi azungumzie analoliona kubwa. Wewe huhitaji maelfu. Kaa na makundi machache ya watu sita hadi wanane wanaofanya kazi ya aina moja, wachumaji peke yao na wa kiwandani peke yao, bila msimamizi, na mazungumzo yaongozwe na mtu wa nje anayekijua Kihehe kwa ajili ya wazee wanaojieleza vizuri zaidi kwa lugha hiyo. Ninatarajia utasikia juu ya mizani, juu ya kilo zinazokatwa kwa ajili ya maji yaliyo kwenye majani na uzito wa mfuko, juu ya umbali wa kubeba mzigo, juu ya makazi ya kambini. Hayo ndiyo yatakuwa maudhui ya dodoso lako.

Sasa niitazame ile kauli uliyoinukuu, kwa sababu inafundisha. "Msimamizi wangu ni mwadilifu na ninalipwa kwa wakati" ni kauli mbili ndani ya moja. Mchumaji anayemheshimu msimamizi wake lakini amecheleweshewa malipo hana kisanduku cha kuweka vema, na akiweka popote, wewe huwezi kujua amejibu nusu ipi. Tena malipo hayapangwi na msimamizi, yanapangwa ofisini. Kuzitenganisha ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili, ambayo ninaisisitiza zaidi, ni kuacha kumwomba mtu akubali au akatae sifa njema za mwajiri wake, badala yake umuulize juu ya mambo yanayomtokea. Kwa mfano: "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi uliona mwenyewe uzito wa majani yako kwenye mizani kabla haujaandikwa?" Majibu yawe: kila mara, mara nyingi, mara chache, hata mara moja sikuona. Swali la namna hii halimlazimu mtu amsifu wala amshutumu yeyote, nalo linakupa jambo unaloweza kulirekebisha kesho yake.

Sisemi kwamba mizani ya Likert, yaani hiyo ya visanduku vya kukubali au kutokubali, haina kazi. Rensis Likert aliieleza mwaka 1932 na imeendelea kutumika kwa sababu ni rahisi na hutoa matokeo mazuri ikitumiwa kwa uangalifu. Lakini mwelekeo wa kukubali kila kauli unajulikana katika nchi zote, na huzidi pale ambapo anayeuliza ana cheo kuliko anayeulizwa. Wengine hushauri nusu ya kauli ziandikwe kwa upande wa kukana ili kudhibiti mwelekeo huo. Mimi ninashauri tahadhari, kwa kuwa mtu anayesomewa kauli ya kukana na kutakiwa aseme kama hakubaliani nayo huchanganyikiwa upesi. Kauli inayoeleza hali mbaya kwa maneno ya moja kwa moja, kama "Ninaondoka kazini nikiwa nimechoka kupita kiasi", inatosha kukuonyesha nani anakubali kila kitu bila kusikiliza.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani mtaalamu mshauri wenu hakulitilia maanani. Menejimenti inauliza kwa nini watu wanaondoka. Dodoso liliuliza kama wameridhika. Hayo ni mambo mawili. Natalie Allen na John Meyer, katika kazi yao ya mwaka 1990 kuhusu mfungamano wa mfanyakazi na taasisi yake, walitenganisha sababu tatu za mtu kubaki: anabaki kwa kuwa anaipenda kazi na mahali pake, au kwa kuwa kuondoka kutamgharimu, au kwa kuwa anajiona ana wajibu wa kubaki. Mchumaji anaweza kuwapenda wenzake na asichukie kazi, na bado akaondoka kwa kuwa shamba lake la viazi linamlipa zaidi katika miezi fulani. Mwingine amechoka na kila kitu lakini anabaki kwa sababu watoto wake wanasoma shule iliyo karibu na kambi. Dodoso lisilouliza kuhusu njia nyingine za kipato alizonazo mtu haliwezi kukueleza habari za kuondoka kwake.

Ukitaka kuazima vipimo vya kuridhika kazini vilivyokwisha kujaribiwa, kipo cha Paul Spector cha mwaka 1985 chenye kauli 36 katika nyanja tisa, kauli nne kwa kila uwanja, na kipo cha Minnesota cha mwaka 1967. Viangalie kwa jicho la mahali ulipo. Kauli za kupandishwa cheo hazimhusu mchumaji wa msimu, na swali la makazi halimhusu anayetoka nyumbani kwake kijijini; usipompa nafasi ya kusema "Hainihusu", atakupa jibu la katikati ambalo halina maana. Ukitafsiri, mtu wa pili asiyeona maandishi ya awali aitafsiri tena kwa Kiingereza, kama Richard Brislin alivyoshauri mwaka 1970, kisha mlinganishe. Halafu wakalishe watu wachache, mmoja mmoja, wasomee maswali na uwaombe wakueleze walivyoyaelewa na kwa nini wamejibu hivyo. Wakati unapokuwa mfupi, hatua hii ndiyo huachwa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Kwa wasiosoma, kuna mizani ya nyuso aliyoieleza Theodore Kunin mwaka 1955: michoro ya sura kutoka yenye huzuni hadi yenye furaha, nayo ilibuniwa kwa ajili ya kupima kuridhika kazini. Michoro yake ilikuwa ya sura ya kiume, na mwaka 1975 Dunham na Herman wakatengeneza ya sura ya kike. Kwa shamba lenye wachumaji wanawake wengi, tumia sura isiyo na jinsia. Maswali yasomwe na mgeni, mchoro uwe mkononi mwa mhojiwa, na karatasi itumbukizwe kwenye sanduku na yeye mwenyewe.

---

Mtakwimu, Mbeya

Ninaunga mkono yote aliyoyasema Mhadhiri. Mimi nianze na alfa, kwa kuwa ndiyo iliyowapa makao makuu imani na ripoti ile.

Kipimo alichokieleza Lee Cronbach mwaka 1951 kinaonyesha kiasi ambacho majibu ya kauli mbalimbali yanakwenda pamoja, wala hakisemi kauli hizo zinapima nini. Mizani ya majani iliyoharibika na kupunguza kilo mbili kila mara, ukiiwekea mfuko uleule mara kumi, itakupa jibu lilelile mara kumi, na mchumaji atakuwa amepunjwa mara zote kumi. Sasa tazama kilichotokea kwenu. Mmoja ameweka vema kwenye 5 katika kauli zote 42, mwenzake ameweka kwenye 4 katika kauli zote. Miongoni mwa watu wa namna hiyo kila kauli inakwenda sambamba na nyingine zote, na alfa inapanda kuelekea 1. Alfa yenu ya 0.95 imetokana na ile mistari uliyoiona kwenye karatasi.

Isitoshe, alfa hupanda kwa wingi wa kauli tu. Kauli nne ambazo uwiano wake wa wastani, yaani kiasi ambacho majibu ya kauli mbili yanakwenda sambamba, ni 0.4 hutoa alfa ya 0.73. Kauli 42 zenye uwiano hafifu wa 0.2 hutoa 0.91. Kauli nne za kwanza zinahusiana kwa nguvu zaidi, lakini anayetazama namba ya mwisho peke yake atazisifu zile 42. Ndiyo maana alfa hukokotolewa kwa kila uwanja peke yake (malipo, msimamizi, vifaa, makazi), na kauli zenye mwelekeo wa kinyume hugeuzwa kwanza kwa kutoa jibu kutoka 6, la sivyo hesabu nzima inavurugika.

Swali lako la kwanza: kuna la kuokoa, ingawa si lile lililokusudiwa. Katika Excel, kokotoa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kutoka kwenye wastani) wa majibu 42 ya kila mtu, mstari kwa mstari. Aliyepata sifuri ameweka vema safu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Usiwafute hao kisha ukokotoe wastani wa waliobaki, maana waliobaki si mfano wa shamba zima. Ni wale waliothubutu kutofautisha. Badala yake, hesabu asilimia ya wenye sifuri kwa kila kundi la wachumaji. Tofauti kati ya kundi ambalo karibu wote wana sifuri na kundi ambalo wenye sifuri ni wachache inastahili kuchunguzwa, ingawa inaweza kutokana na namna kauli zilivyosomwa, haraka ya asubuhi ile, au woga. Itumie kuchagua mahali pa kuanzia mazungumzo aliyoyashauri Mhadhiri, bila kumtuhumu msimamizi yeyote.

Na hizo karatasi zenye majina usiziache kabatini bila utaratibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo lililotajwa na azilinde. Toa majina kwenye faili la Excel, na uombe ushauri wa kisheria kuhusu karatasi zenyewe.

Sasa Yamane. Kanuni yake ya mwaka 1967 ni n = N/(1 + Ne²), ambapo n ni idadi ya watu wa kuhojiwa, N ni watu wote, na e ni kosa linalokubalika. Kwa watu 600 na kosa la asilimia 5, unagawa 600 kwa 2.5 na kupata 240, kwa hiyo hesabu uliyopewa ni sahihi. Lakini kanuni hiyo inachukulia kwamba kila mtu amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu, na kwamba unataka kadirio moja tu la shamba zima. Kwa vitendo watu wengi huchagua makundi machache na kuwahoji wote waliomo. Watu wa kundi moja wana msimamizi mmoja, mizani moja na njia moja ya kubebea mzigo, hivyo majibu yao hufanana. Tuseme kundi lina watu 25 na mfanano huo, kwenye kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.1. Kigezo cha kurekebisha ni 1 + (25 − 1) × 0.1, yaani 3.4, na watu wako 240 watakuwa na taarifa ya watu kama 70 waliochaguliwa mmoja mmoja. Ukitaka pia kulinganisha kiwanda na shamba, hali inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu idara ndogo zitakuwa na watu wachache mno. Kwa taasisi ya watu 600, waulize wote. Gharama ya ziada ni ndogo, na unaondoa mnong'ono wa "kwa nini wamemchagua fulani".

Katika uchambuzi, wastani usitangulie. Wastani wa 3 unaweza kutokana na watu wote kusema 3, au nusu kusema 1 na nusu kusema 5, na hatua za kuchukua katika hali hizo mbili hazifanani hata kidogo. Toa asilimia ya kila jibu, kwa kila swali, kwa kila idara. Usitoe matokeo ya idara au kundi lolote lenye watu chini ya kumi, na usichanganye jinsi, umri na miaka ya kazi katika jedwali moja. Kama karakana ina mwanamke mmoja tu mwenye zaidi ya miaka 50, jedwali hilo limemtaja kwa jina.

La mwisho, ambalo ndilo linaloelekea kwenye swali la menejimenti. Ukiuliza kuridhika na nia ya kuondoka kwenye karatasi moja, siku moja, kwa mtu mmoja, uhusiano utakaouona utakuwa umekuzwa kwa sababu majibu yote yametoka chanzo kimoja. Podsakoff na wenzake walilieleza tatizo hili kwa kirefu mwaka 2003. Wewe una kitu bora zaidi: daftari la mahudhurio na orodha ya walioacha kazi. Linganisha majibu ya kila kundi na utoro pamoja na kuondoka kwa kundi hilo katika miezi inayofuata. Kabla hujasema "kundi hili linaona mizani haisomwi wazi", hakikisha wanakundi wenyewe wanakubaliana. Kipimo cha James, Demaree na Wolf cha mwaka 1984 ni rahisi: kwa swali lenye ngazi tano, gawa variansi ya kundi (mkengeuko sanifu uliozidishwa kwa wenyewe) kwa 2, kisha toa kwenye 1. Variansi ya 0.6 inatoa 0.70, kiwango ambacho watafiti wengi hukikubali. Na kumbuka kwamba unalinganisha makundi, hivyo usije ukasema mtu fulani ataondoka kwa kuwa kundi lake lina alama ndogo.

---

Mstaafu wa Utumishi, Tukuyu

Mwanangu Afisa, nimeyasoma ya wataalamu hawa na nimejifunza. Nimefanya kazi ya utumishi kwenye mashamba ya chai huku Rungwe hadi kustaafu, nami nina machache ya kuongeza.

Angalia majira. Mvua zikiwa nyingi majani yanafumuka, mchumaji anapata kilo na anapata fedha, lakini analowa na anachoka. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi inakaba, jani linakuwa dogo, na kipato kinashuka. Ukiuliza juu ya malipo Machi na ukauliza tena Julai utapata majibu mawili tofauti, na hakuna kitakachokuwa kimebadilika ofisini. Chagua mwezi mmoja na ukirudia mwakani urudie mwezi huo huo. Epuka pia siku ya malipo na siku zinazoifuata mara moja.

Wahusishe viongozi wa chama cha wafanyakazi kabla ya karatasi kuchapishwa. Waone kila swali. Wao ndio watakaoulizwa kambini jioni kama jambo hili ni la kheri au la shari, na wakisema hawalijui, sanduku lako litarudi tupu au litarudi na vema za safu ya tano.

Wasimamizi nao usiwaache nje. Waeleze mapema kwamba hawatakuwepo wakati wa kujibu na kwamba matokeo hayatatumika kumfukuza mtu. Nao wana dodoso lao la kujaza, kwa sababu msimamizi anayebanwa kilo na meneja hupeleka shinikizo hilo chini kwa wachumaji.

Zaidi ya yote, usiulize jambo ambalo mwajiri hayuko tayari kulijadili. Kama menejimenti imekwisha kuamua kwamba viwango vya malipo kwa kilo havitaguswa mwaka huu, iseme hivyo wazi, halafu uulize yale yanayoweza kuguswa. Na matokeo yarudi kwa watu mapema, wakiwa bado wanakumbuka walichoulizwa. Simama pale pale wanapohesabiana, uwaeleze walichosema, kitakachofanyika na lini, na kisichowezekana na kwa nini. Watu huvumilia kusikia kwamba jambo haliwezekani. Kuulizwa halafu kimya kikatanda, hilo hawalivumilii, na dodoso linalofuata hawatalijibu kwa dhati.

---

Afisa Utumishi, Mufindi

Shikamoo mzee, na ahsanteni sana nyote. Nimeshakokotoa ule mkengeuko wa mstari kwa mstari, na makundi yanatofautiana sana, hivyo ninajua pa kuanzia mazungumzo. Nimewasiliana pia na chuo kimoja Iringa ili nipate wanafunzi wa kusoma maswali badala ya wasimamizi.

Yamebaki mawili. Wakurugenzi wanataka grafu inayolinganisha 4.5 ya zamani na matokeo mapya ili waone maendeleo. Pili, ningependa kurudia zoezi mwakani na kujua kama mtu yule yule amebadilika, lakini bila majina sioni njia.

---

Mtakwimu, Mbeya

Grafu hiyo usiichore. Maswali yamebadilika, msomaji wa maswali amebadilika, na jina limeondolewa. Tofauti yoyote itakayoonekana haiwezi kugawanywa kati ya mabadiliko ya kazini na mabadiliko ya upimaji. Ninatarajia namba mpya zitakuwa chini, pengine chini sana, na wakurugenzi wasipoandaliwa watadhani hali imeharibika mikononi mwako. Waandikie sasa, kabla ya ukusanyaji, kwamba hiki ni kipimo cha mwanzo na kwamba ulinganisho utaanza mzunguko wa pili. Waraka huo uwe na tarehe. Ukiuandika baada ya matokeo kutoka utaonekana kama utetezi.

Kuhusu kumfuatilia mtu yule yule, kuna njia ya namba ya siri ambayo mhojiwa huitengeneza mwenyewe kutokana na mambo anayoyakumbuka siku zote, kama herufi ya kwanza ya jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Hufanya kazi vizuri kwa wanafunzi wa vyuo. Kwa wachumaji sishauri: wapo watakaosahau walichoandika, wapo wasiozijua tarehe zao, na wengi wataona kwamba umewaondolea jina kwa mkono mmoja na kulirudisha kwa mwingine. Fuatilia makundi badala ya watu. Weka rekodi ya nani alikuwa msimamizi wa kundi na wangapi waliingia au kutoka kati ya mzunguko mmoja na mwingine, kwa sababu kundi lililobadilisha nusu ya watu wake linaweza kupanda alama bila hata mtu mmoja kubadili maoni. Kundi la namna hiyo litenge kwenye jedwali lake, na ulinganisho ufanye kwa yale ambayo watu wake wengi wamebaki.